Goti la mume wangu halitaki klachi, nami sitaki otomatiki: tununue gari gani?

Ndugu Mshauri,

Pole na kazi. Mimi ni mpenzi wa magari tangu utotoni, na hadi leo gari likipita nje huweza kusema kabla sijalitazama kama injini yake ni ya silinda nne au sita. Mume wangu naye anapenda gari lenye mwendo, isipokuwa hana maneno mengi juu yake. Mwaka huu tumekubaliana kuuza gari letu la nyumbani, ambalo limechoka, na kununua gari moja la spoti lililotumika, litakalokuwa gari letu pekee. Mvutano ulianzia hapo.

Mume wangu aliwahi kufanyiwa upasuaji wa goti la kushoto. Anatembea vizuri, lakini akikanyaga klachi kwa muda mrefu kwenye foleni goti linavimba, na yeye ndiye atakayekwenda na gari hili kazini siku tano za wiki. Mimi nitalipata Jumamosi alfajiri, wakati ninapopenda kwenda peke yangu kwenye barabara ya milimani yenye kona nyingi kabla magari hayajajaa. Nilijifunza udereva kwa gia za mkono na sijawahi kumiliki otomatiki.

Tumejaribu magari matatu. La kwanza ni la milango miwili, jepesi, lina injini ya lita 2 isiyo na turbo, gia sita za mkono, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nikiwa gia ya tatu, injini kwenye mizunguko kama 3,500 kwa dakika, nilikanyaga mafuta hadi mwisho na gari likasitasita. Nikavumilia, na mshale ulipopita 6,000 likaamka kwa mlio ambao bado uko masikioni mwangu. Nililipenda hapo hapo. La pili ni la milango mitano, injini ya lita 2 yenye turbo, giaboksi ya klachi mbili. Lilikuwa na kasi kuliko la kwanza bila mimi kujitahidi, lakini tulipokuwa tukisogea taratibu kwenye foleni lilitetemeka, na nilipolipandisha kinyumenyume kwenye kimlima lilishtuka mara mbili. La tatu ni la milango miwili, silinda sita, turbo, na otomatiki ya kawaida ya gia nane. Hilo sikuliona kasoro. Lina nguvu za kutisha, ni laini, na mume wangu alitabasamu muda wote. Mimi nilishuka nikiwa sina la kusimulia.

Muuzaji wa gari la kwanza alipoona tunavutana alitueleza kwamba analo jingine la aina ile ile na injini ile ile, ila ni otomatiki, akasema hilo ndilo litakalotupatanisha. Mume wangu amelikubali, nami nimekubali nusu. Mdogo wangu wa kiume anasema nitakuwa nimejidhalilisha, kwamba gari lisilo na pedali tatu si gari la spoti, na kwamba turbo imeua sauti ya magari na hufa mapema. Mume wangu kwa upande wake anasema gia za mkono zimepitwa na wakati na watengenezaji wenyewe wameziacha.

Je, tuchukue hilo la kutupatanisha? Kama sivyo, lipi? Na tukichukua la turbo, ni busara kuliongezea nguvu kwa kubadilisha programu ya kompyuta yake, kama mdogo wangu anavyoshauri?

Wako,
Mpenda Kona

*

Dada Mpenda Kona,

Msilichukue hilo la kuwapatanisha. Kati ya magari manne uliyoyataja ndilo pekee ambalo nina hakika litawaudhi ninyi wote wawili, na sababu yake haihusu heshima ya klachi hata kidogo. Inahusu namna injini ile inavyotoa nguvu zake.

Nianze na lile ambalo limekwisha kuamuliwa. Goti linalovimba halibishaniwi. Klachi ya gari la spoti mara nyingi huwa nzito kuliko ya gari la kawaida, kwa kuwa ni lazima ibane diski kwa nguvu zaidi ili isiteleze injini inapovuta, na foleni ndefu ni kukanyaga na kuachia bila kikomo. Mumeo atalichukia gari hilo mapema, na wewe Jumamosi utaliendesha huku ukijua limemuumiza Ijumaa. Kwa hiyo, maadamu gari ni moja, gia za mkono zimetoka. Naandika hivyo kwa shingo upande, maana mimi mwenyewe naendesha gia za mkono na sina nia ya kuziacha.

Sasa tuje kwenye injini, kwa sababu nadhani kilichokuvutia kwenye gari la kwanza ni yenyewe zaidi kuliko mkono wa gia. Injini isiyo na turbo, yaani isiyo na pangaboi linalozungushwa na moshi ili kuisukumia hewa, huvuta hewa kwa pistoni zake tu, na mhandisi anayeichora analazimika kuchagua ni kwenye mizunguko mingapi silinda zitajaa hewa vizuri zaidi. Akitaka nguvu nyingi kutoka kwenye injini ndogo hana ujanja ila kuifanya izunguke haraka, kwa kuwa nguvu ni torki, yaani nguvu ya msokoto ya injini, mara mizunguko: chukua torki kwa nyutonimita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, na unapata kiloweti. Hesabu hiyo ndogo inaeleza karibu kila kitu ulichokihisi kwenye usukani siku ile.

Tazama Honda S2000 iliyotoka mwaka 1999, yenye injini ya lita 2 isiyo na turbo na mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko, kwenye 9,000. Toleo lake la Ulaya lilikuwa na nguvu za farasi 240, yaani kama kiloweti 177, zilizopatikana kwenye mizunguko 8,300, na torki yake ya juu kabisa ilikuwa nyutonimita 208. Ukiwa kwenye mizunguko 4,000, hata tukiipa torki yake yote, ambayo kwa kweli hapo haijaifikia, unapata kiloweti 87, chini ya nusu ya uwezo wake. Sasa tazama Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba, lita 2 zile zile lakini na turbo: ina nyutonimita 350 kuanzia mizunguko 1,500 hadi 4,400, na nguvu yake ya juu ni kiloweti 162. Kwenye 4,000 tayari inatoa kiloweti 147, yaani sehemu tisa kwa kumi za kila ilichonacho. Injini hizo ni sawa kwa ukubwa na hazipishani sana kwa nguvu ya juu, lakini ya kwanza inamtaka dereva aitumikie, na ya pili inamtumikia yeye.

Kusitasita ulikokuhisi kwenye 3,500 ni jambo linalofahamika kwa injini za namna hiyo. Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ, zilizotoka mwaka 2012 na injini ya lita 2, zilisemwa sana kwa bonde la torki, yaani mahali torki inaposhuka, lililo katikati ya mizunguko, takriban kati ya 3,500 na 4,500, ilhali torki yake ya juu, nyutonimita 205, ilikuja kuanzia 6,400. Wahandisi walisikia malalamiko hayo, na kizazi kilichofuata mwaka 2021 kilipewa injini ya lita 2.4 yenye nyutonimita 250 kwenye 3,700, pale pale kulipokuwa na bonde. (Kama gari la muuzaji wenu lingekuwa na injini ya aina hiyo ya pili, jibu langu lingekuwa na ukali mdogo zaidi. Lakini umeandika lita 2.)

Iweke sasa injini ya namna hiyo kwenye otomatiki. Kompyuta ya giaboksi imefundishwa kuokoa mafuta na kutunza utulivu, kwa hiyo hupanda gia mapema na kukaa chini kwenye mizunguko 2,000. Mumeo akitaka kupita gari lililo mbele atakanyaga, giaboksi itajiuliza, itashusha gia mbili, mshale utaruka juu kwa kelele, na nguvu itafika wakati nafasi ya kupita imekwisha. Kwenye foleni hatapata faida ya injini ile, na kwenye barabara kuu atapata kelele zake. Wewe nawe, alfajiri yako ya Jumamosi, utakuwa ukivuta vibao vilivyo nyuma ya usukani kuibembeleza injini ibaki juu, na mara nyingi giaboksi isiyotengenezwa kwa ajili ya mwendo wa spoti itachelewa kukutii, au itapanda gia yenyewe karibu na mstari mwekundu hata kama hukuitaka. Kwenye gia za mkono ulikuwa umeshashuka gia ya pili kabla ya kona. Injini ilipofika kwenye bonde wewe ulikuwa umelikwepa. Ustadi huo ndio uliokufurahisha, na ndio utakaoondolewa, huku udhaifu wa injini ukibaki vile vile. Kwa hiyo kanuni yangu, ambayo ina vighairi vichache tu, ni hii: injini inayotaka mizunguko ipewe gia za mkono au giaboksi ya spoti ya kweli, na injini yenye torki nyingi kwenye mizunguko ya chini haipotezi kitu cha maana ikipewa otomatiki.

Mdogo wako ana haki kwa sehemu, na mumeo pia, ila kila mmoja ameishika sehemu isiyo yake.

Dharau ya wapenzi wa magari kwa giaboksi zisizo na pedali ya klachi ilikuwa na msingi. Ferrari ilipoweka vibao nyuma ya usukani wa F355 mwaka 1997, ndani kulikuwa na giaboksi ya kawaida yenye klachi moja inayokanyagwa na mtambo wa haidroliki badala ya mguu. Giaboksi za namna hiyo zilikuwa zikikata nguvu, zinatulia kidogo, kisha zinaachia klachi kwa mshtuko, na dereva mjuzi alijifunza kuinua mguu kwenye akseleta kila anapobadilisha gia ili kichwa chake kisitikiswe. Lamborghini Aventador ya mwaka 2011 bado ilikuwa na klachi moja ya namna hiyo. Lakini klachi mbili ni habari nyingine: Porsche iliijaribu kwenye magari yake ya mashindano ya miaka ya 1980, na gari la kwanza la kuuzwa madukani kuwa nayo lilikuwa Volkswagen Golf R32 mwaka 2003. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3, gari la watu wa viwanja vya mashindano, bila gia za mkono kabisa, kwa kuwa klachi mbili ilikuwa ya haraka zaidi. Atakayesema GT3 ile si gari la spoti ni mtu wa kuachwa na msimamo wake.

Kwa mumeo nasema hivi: Porsche hiyo hiyo ilirudisha gia za mkono kwenye 911 R ya mwaka 2016 na kisha kwenye GT3 ya mwaka 2017, kwa sababu wateja walizitaka, ingawa kila aliyezinunua alijua zinamchelewesha. Toyota Supra ilitoka mwaka 2019 ikiwa otomatiki tu, na mwaka 2022 ikaongezewa gia za mkono. Toyota GR Yaris ilikwenda kinyume, ikaanza na gia za mkono mwaka 2020 na kupata otomatiki ya gia nane mwaka 2024. Watengenezaji, basi, hawajaacha kitu. Wanauza kasi kwa anayetaka kasi na kazi ya mikono kwa anayetaka kazi ya mikono. Hoja ya kasi kwa upande wa gia za mkono imekufa, ndiyo. Hoja ya raha haijafa, na haihitaji saa ya kupima muda.

Kuhusu sauti, mdogo wako namuunga mkono bila masharti. Turbini, lile gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi, imekaa katikati ya njia ya moshi na kula sehemu ya mapigo yanayotengeneza mlio, na baadhi ya magari hujaribu kufidia kwa kupiga sauti ya injini kwenye spika, jambo ambalo mimi hulizima mara nikilipata kitufe chake. Mwaka 2016 Porsche iliwapa Boxster na Cayman injini ya silinda nne yenye turbo, yenye nguvu kuliko ile ya silinda sita iliyoondolewa, na watu wakaizungumzia kwa mlio wake kuliko kwa kasi yake; mwaka 2020 toleo la GTS likarudishiwa silinda sita za lita 4 bila turbo. Sauti utaipoteza, dada, na sitakuficha.

Tuje sasa kwenye gari la tatu, ambalo halikukupa la kusimulia. Injini za silinda sita za turbo za siku hizi ni kazi bora ya uhandisi. Ile ya BMW M240i, kwa mfano, ina nyutonimita 500 kuanzia mizunguko 1,520 hadi 4,500, na otomatiki ya gia nane iliyo nyuma yake ni mojawapo ya giaboksi bora zilizowahi kutengenezwa. Usiidharau kwa sababu nguvu inapitia kwenye konveta, chombo chenye mafuta kinachoshika nafasi ya klachi. Gari likishatembea, ndani ya konveta hiyo kuna klachi inayofunga na kuondoa utelezi, na ubadilishaji wa gia umekuwa wa haraka kiasi kwamba BMW yenyewe, ilipotoa M5 ya mwaka 2017, iliacha klachi mbili na kuchukua konveta. Kwa foleni za mumeo hakuna kinachoishinda.

Lakini kuchoshwa kwako nakuelewa, na hakukutokana na kukosa pedali. Gari la namna hiyo lina uzito unaokaribia tani moja na nusu, tairi pana, na nguvu zinazokufikisha kwenye mwendo ulioruhusiwa kabla hujafanya uamuzi wowote. Kona unayoiona ngumu, lenyewe halijaanza kuiona. Na mdogo wako asidhani kwamba mapishi anayoyasifu yana kinga dhidi ya ugonjwa huo: Porsche Cayman GT4 ya mwaka 2019 ina lita 4 bila turbo, mstari mwekundu kwenye 8,000 na gia sita za mkono, yote anayoyataka, lakini uwiano wa gia zake ni mrefu kiasi kwamba gia ya pili pekee inakufikisha zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Kwenye barabara ya umma utaimaliza gia ya kwanza, utaonja ya pili, na hapo leseni yako imeshaingia hatarini. Upande wa pili kuna Lotus Elise ya mwaka 1996, iliyokuwa na uzito wa kama kilo 725 na nguvu za farasi zisizofika 120, ambayo bado inatajwa kwa heshima kila panapozungumzwa raha ya usukani. Toyota nayo iliipa GT86 tairi za upana wa milimita 215 tu, kwa makusudi, ili dereva aanze kuhisi tairi zikiteleza akiwa bado kwenye mwendo wa kiungwana. Mimi hujiuliza jambo moja kabla ya mengine yote: kwa mwendo nitakaoutumia kweli, ni sehemu gani ya gari hili itafanya kazi? Kwenye gari la tatu, kwa barabara yako ya milimani, ni sehemu ndogo mno.

Ushauri wangu, basi, ni gari la pili. Simaanishi lile lile mlilolijaribu, hilo liacheni, bali jingine la aina yake.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa kuwa mnaweza kupata furaha ya miaka au hasara ya wiki moja kutegemea namna mtakavyolichagua. Katika giaboksi ya klachi mbili, klachi moja inashika gia za kwanza, tatu, tano na saba, na nyingine inashika za pili, nne na sita. Ukiwa gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa inasubiri, na kubadilisha gia ni klachi moja kuachia huku nyingine ikishika, karibu bila kukata nguvu. Ndiyo maana ina wepesi ule. Lakini wakati wa kuanza kuondoka hakuna mafuta ya konveta ya kulainisha. Kompyuta inalazimika kuteleza klachi kama wewe unavyofanya kwa mguu, na katika foleni inafanya hivyo kila baada ya mita chache. Mtikisiko mdogo wakati wa kusogea ni tabia yake. Kushtuka mara mbili kwenye kimlima kinyumenyume si tabia, ni dalili: huenda klachi zimechakaa, au mafuta ya giaboksi hayajawahi kubadilishwa, au kompyuta yake inahitaji kufundishwa upya mahali klachi zinaposhika, na mnunuzi hana njia ya kujua ni lipi mpaka giaboksi ifunguliwe kwa gharama yake.

Ulizeni pia klachi zake ni kavu au zinaogelea kwenye mafuta. Volkswagen, kwa mfano, ina giaboksi ya gia saba yenye klachi kavu kwa injini ndogo zisizozidi nyutonimita 250, na ya gia sita yenye klachi za mafuta kwa injini zinazofika nyutonimita 350. Zile za mafuta hustahimili joto la foleni vizuri zaidi, kwa sharti kwamba mafuta na chujio lake vibadilishwe kila kilomita 60,000. Muuzaji akikwambia mafuta ya giaboksi hayabadilishwi maisha yote, na hana karatasi ya huduma hiyo, hesabu kwamba hayakubadilishwa.

Hapo nimeshajibu swali la kuongeza nguvu. Programu mpya ya kompyuta inaipitisha injini ya turbo ya lita 2 nyutonimita 400 kwa urahisi, na giaboksi iliyopimwa kwa 350 itaanza kuteleza klachi zake katika gia za juu, kwanza kidogo, halafu kila siku. Isitoshe, hukuniandikia kwamba gari la pili lilikuwa zito kwenda. Fedha hiyo nunueni tairi nne nzuri za aina moja, mafuta mapya ya breki yanayostahimili joto, na pedi za breki za daraja la juu kidogo. Kwenye mteremko wa milimani tofauti utaiona kona ya kwanza tu.

Je, turbo hufa mapema? Hufa mapema kwa wenye nayo wanaochelewesha mafuta ya injini. Shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa mafuta, na mafuta yakichoka, utando huo haupo. Badilisheni mapema kuliko kitabu kinavyoruhusu, na ukitoka milimani endesha dakika chache za mwisho taratibu ili turbini ipoe kabla ya kuzima. Injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hukusanya masizi kwenye vali za kuingiza hewa, na ikianza kutetemeka ikiwa baridi fundi anayeijua atakwambia kama zinahitaji kusafishwa. Zaidi ya hapo sioni sababu ya hofu.

Kwa kuwa gari la pili huenda linavutwa na magurudumu ya mbele, utahitaji kujifunza upya kidogo. Ukikanyaga mafuta mapema kona ikiwa haijaisha, pua itakimbilia nje na gurudumu la ndani litazunguka bure. Tafuta lenye difu inayozuia gurudumu moja kuteleza, kwani kwa dereva wa kona ni bora kuliko nguvu za farasi 30 za ziada. Funga breki gari likiwa bado limenyooka, vuta kibao cha kushoto mara mbili ukiwa bado kwenye breki, geuza usukani huku ukiachia breki polepole, na utaona sehemu ya nyuma inasaidia kugeuka. Tumia gia unazochagua mwenyewe, na jaribu kupita kona nyingi ukiwa gia ya tatu bila kugusa kibao. Hapo torki ya mizunguko ya chini inageuka kuwa rafiki: akili iliyokuwa kwenye klachi inahamia kwenye mstari wa kona na kwenye breki, na wapo madereva wazuri wengi wanaokiri kwamba walianza kuijua breki baada ya kupumzishwa klachi.

Mkienda kulijaribu, fikeni kabla injini haijawashwa, na uweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, muuzaji ameshaiwasha kuficha jambo la asubuhi. Iwashwe, umtume mumeo asimame nyuma atazame moshi, na moshi wa bluu usioisha ni sababu ya kurudi nyumbani. Mumeo aliendeshe kwanza, kwenye foleni halisi, kwa muda wa kutosha giaboksi ipate joto, kwa maana kasoro nyingi za klachi mbili hujitokeza ikiwa na joto tu. Kisha apande kinyumenyume kwenye kimlima, polepole, mara kadhaa. Wewe fuata baadaye: gia ya tatu kutoka mizunguko 2,000, kanyaga hadi mwisho, na utazame kama mshale wa mizunguko unapanda pamoja na mwendo au unautangulia; ukiutangulia, klachi inateleza.

Na kama baada ya kutafuta kwa miezi miwili au mitatu hamjapata lenye kumbukumbu safi za huduma, chukueni la tatu bila majuto. Giaboksi yake haina wasiwasi wa foleni, goti litapona, na wewe utafute kilabu kinachokodisha uwanja wa mashindano kwa siku, mahali ambapo nyutonimita 500 zina nafasi ya kwenda.